Yule wa Bluu

Mama Mapacha angeweza kuyamaliza yote kwa maneno mawili tu: "Ni kipepeo." Hakuyasema. Alikuwa na sababu zake.

Mama yake mzazi alikuja kuwasalimia, na tangu ashushe begi hakuna kitu ndani ya nyumba ile kilichopona mdomo wake. Vitunguu vimekatwa vinene kama matairi. Mashuka yamekunjwa kivivu. Hata paka aliambiwa anakaa vibaya. Huko mtaani kwake wanamwita Mama Spika, na si kwamba anauza redio.

Jioni hiyo Mama Mapacha alikuwa jikoni anamenya viazi, mumewe yuko chumbani kwenye simu. Mumewe ni kinyozi. Wiki nzima anashika mashine ya kunyolea, lakini Jumapili akishakunywa chai anashika kamera, huyoo maporini, kupiga picha vipepeo. Alikuwa anaongea na rafiki yake fundi baiskeli, mwenye ugonjwa huohuo.

"Nimemwona tena yule wa bluu! Mzuri, wewe, mpaka nikasahau kupumua. Jua likipanda kidogo tu anakuja, palepale kichakani nyuma ya kiwanda cha matofali. Ila kesho ndiyo mwisho, Jumatatu trekta linakuja kufyeka. Msimu mzima ananikimbia. Kesho lazima nimpige!"

Mama Spika alikuwa kwenye korido, taulo begani, sikio limeganda mlangoni kama stempu. Akaja jikoni kwa kunyata.

"Mwanangu, kaa chini."

"Nimekaa, Mama."

"Mumeo ana mtu."

Mama Mapacha akafungua mdomo ayaseme yale maneno mawili. Bahati mbaya macho ya mama yake yakatua kwenye beseni.

"Na hayo maganda mbona manene hivyo? Unamenya viazi au unachonga mtumbwi?"

Mdomo ukajifunga wenyewe.

"Najua, Mama," akasema kwa upole. "Yule wa bluu."

"Unajua! Na umekaa hapo! Anafanya kazi gani huyo?"

"Hana kazi. Anazunguka tu, ua hadi ua."

"Kwenye nyua za watu! Sasa anaishije?"

"Anafyonza."

"Ndio haohao! Atamfyonza mwanaume mpaka abaki na kitana. Ana watoto?"

"Wengi. Akishawaweka juu ya majani, anaenda zake."

"Juu ya majani!" Mama Spika akashika kichwa. "Mama gani huyo?"

"Na zamani hakuwa hivyo, Mama. Alikuwa na manyoya mwili mzima, anatambaa chini. Akajifungia ndani kwa muda, alipotoka ndio urembo huo."

"Kajichubua!" Mama Spika akapiga meza. "Na huyu mumeo naye, mara ampende, mara ampige. Mapenzi gani hayo?"

Mama Mapacha aliinamia beseni, mabega yanacheza. Mama yake akamshika mgongo.

"Usilie, mwanangu. Mimi nipo."

Asubuhi kinyozi aliondoka na kamera yake. Hajafika mbali, Mama Spika akatoka na gauni lake la maua makubwa mekundu, amejipaka mafuta yanayonukia mawaridi, mkononi mwiko. Mama Mapacha alicheka mpaka akaegemea friji. Halafu kicheko kikamkauka. Sauti ile! Sauti ile ikilipuka kichakani, kipepeo gani atabaki? Akamkumbuka mumewe anavyorudi kila Jumapili na tope magotini, anasema "nimemkosa kidogo tu", na anavyosema kwa furaha kama aliyempata. Safari hii hakuna tena Jumapili ijayo, kesho ni trekta. Akawaacha mapacha kwa jirani, akatimua mbio na ndala.

Alichelewa. Kinyozi alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi, kamera jichoni, ananong'ona: "Njoo, mrembo wangu. Usiogope. Fungua kidogo tu, nikuone..."

"NIMEKUSHIKA!"

Kitu cha bluu kikaruka juu ya kichaka, kikapotelea mwangani. Kinyozi akageuka taratibu. Sura yake ikawa kama ya mtoto aliyedondosha andazi kwenye maji machafu, na Mama Mapacha akatamani ardhi immeze yeye kwanza.

"Yuko wapi huyo mwanamke?" Mama Spika alikuwa ameshainua mwiko.

Mkwewe akanyoosha kidole juu. "Ameshaenda, Mama. Ndio yule."

Mama Spika akatazama juu. Akatazama kamera. Akamtazama binti yake, polepole, kuanzia ndala kwenda juu.

"Juu ya majani?"

"Ndiyo, Mama. Mayai."

"Na manyoya..."

"Kiwavi, Mama."

"We mtoto! Yaani nimevaa, nimejipaka mafuta, nimebeba mwiko wangu, kumbe..."

Hapo ndipo yule wa bluu akarudi. Akazunguka mara moja, akayaona yale maua mekundu, akanusa yale mawaridi, akatua begani kwa Mama Spika. Kinyozi akaganda. Mama Spika alikuwa bado anaongea, na akiongea anatikisika mwili mzima. Sasa, mkwe anamwambiaje mama mkwe wake anyamaze? Hawezi. Bora ufe na picha yako moyoni. Alimtazama mkewe tu, macho yanaomba.

"Mama," Mama Mapacha akasema. "Nyamaza!"

Tangu azaliwe hajawahi kulitamka neno hilo kwa mama yake. Mama Spika alishtuka, mdomo ukabaki wazi, na hakuna kilichotoka. Kinyozi akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake kama anayeomba msamaha. Yule wa bluu akafungua mabawa.

Kacha. Kacha. Kacha.

Picha ile sasa iko saluni, juu ya kioo. Wateja wanauliza, "Huyu nani?" Kinyozi anawataja wote wawili, akianza na mama mkwe, kwa heshima.

Mama Mapacha alisubiri kugombezwa, hakugombezwa. Mama yake alirudisha begi chini ya kitanda tu, akasema atakaa mpaka mwezi uishe. Na Jumapili iliyofuata, huku Mama Mapacha anahangaika na vyombo na watoto wawili wanaovutana nywele, alisikia minong'ono kwenye korido.

"Mkwe, leo tunampiga nani?"

"Yule wa njano, Mama. Anakaa kule bondeni."

"Basi ngoja nibadilishe gauni." Halafu, kwa sauti ile ya siku zote: "Na wewe jikoni! Viazi hivyo, maganda yawe membamba!"