Saa ya Kamera ya Kumi na Nne

Mimi Kihwelo sipendi kufundishwa kazi. Miaka kumi na moja nimefunga kamera za kutega kwenye miti ya Ruaha, zile zinazopiga picha zenyewe mnyama akikatiza mbele yake. Kwa hiyo Mbano, mwenzangu mgeni kazini, aliponiuliza asubuhi ile kama saa za kamera nilizitega sawasawa, nilimjibu vibaya.

"Wewe Mngoni, kamera umeiona juzi. Tulia."

"Nauliza tu, mtani. Wahehe mkinuna mnatisha kuliko simba."

Simba mwenyewe ndiye tuliyekuwa tunamfuatilia. Jike zee, sikio la kushoto limechanika. Miezi miwili nyuma alimuua mkata fito karibu na mto. Ofisini waliposoma kadi ya kwanza ya kamera ya kumi na nne, wakatuambia jike hupita pale saa tisa usiku. Sote tukapumua. Kila Jumanne mimi na Mbano tuliacha gari kwenye mchanga, tukatembea hatua kama mia mbili kwenye kijia mpaka kwenye mti wa kamera kuikagua, bila askari wala bunduki. Simba wa usiku, mchana umwogopee nini?

Pale ni msitu wa mtoni, matawi yamefunga juu, na kamera hupiga picha za kijivu usiku na mchana. Jumanne hiyo nilitoa kadi ya mwezi mzima, nikaweka mpya, nikawasha. Betri zilikuwa zimechoka.

"Rudi garini ulete betri," nikamwambia.

Mbano hakuondoka. Alikuwa anatazama kijia tulichojia. "Mtani, mbona ndege wamenyamaza?"

"Wameiona sura yako. Nenda bwana!"

Akaenda, anapiga mluzi wa kujitia moyo.

Kwa kukosa la kufanya, nikachomeka kadi kwenye kamera yangu ya mkononi. Ofisini picha za watu hufutwa kwanza, hakuna anayezitazama. Mimi nikaanza na hizo hizo, nione kama kitambi kimepungua. Jumanne ya kwanza: mimi mbele, Mbano nyuma. Chini yetu imeandikwa 03:02.

Nilicheka. Saa tisa usiku mimi nimelala kwangu Tungamalenga, nakoroma. Halafu kicheko kikanikauka. Siku niliyofunga kamera ile nilitazama jua, nikajiambia ni saa tatu asubuhi, nikabonyeza tatu. Kamera haihesabu saa kama sisi. Tatu yake ni tisa yetu ya usiku, na ofisini walisoma walichoandikiwa.

Yule jike hakuwa wa usiku hata kidogo.

Nikasogeza picha. 03:41, jike, pua chini, juu ya nyayo zetu. Jumanne ya pili sisi 03:04, yeye 03:25. Jumanne ya tatu sisi 03:01, yeye 03:10. Siku ambazo hatukuja, naye hakuja. Leo sisi 03:03, na yeye bado hajafika.

Saa yangu ya mkononi ilisema saa tatu na dakika nane.

Mluzi wa Mbano ulikuwa umekatika. Nilikuwa nimemtuma kwa mdomo wangu, kwa ubishi wangu, arudi kwenye kijia kile kile anachopita jike. Nikajichukia kama sijawahi kumchukia mtu.

"Mbano!" Niliita kwa nguvu zote. "Mbano wee!"

"Nini tena? Nimeshafika garini! Betri umezificha wapi?"

Yu hai. "Ingia ndani ufunge mlango! Usishuke! Simba anakuja mchana, Mbano, nilikosea saa! Usishuke!"

Na hapo kitaa chekundu cha kamera kikawaka.

Kamera ilikuwa inatazama kijia. Mimi nilikuwa nyuma ya mti, mbele yake sikuwepo.

Sikuchungulia. Nilisikia pumzi tu, nzito, bila haraka yoyote. Kisha honi. Mbano hakunitii, Mungu ambariki. Alilipitisha gari katikati ya vichaka huku honi ikilia mfululizo, akanivuta ndani kwa ukosi wa shati, nami nikamlilia kifuani bila aibu.

Saa ya kamera nilishairekebisha, na siku hizi Mbano ndiye anayeikagua. Picha ya mwisho ninayo bado. Imeandikwa 03:09. Katika zote za nyuma jike anatazama chini, ananusa nyayo zetu. Katika hii ameinua kichwa, na macho yake yako pembeni kidogo ya kamera, pale nilipokuwa nimesimama.