Mjane wa Sehemu ya Pili

Loisi Chidosa alikuwa amechuchumaa nyuma ya banda la gemu, akisukutua koo kwa maji ya chumvi, na alipoyatema aliona uzi mwembamba wa damu ndani yake. Aliufukia kwa kidole cha mguu. Ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na tisa. Upepo ulikokota vumbi kutoka upande wa soko la Majengo na kulimwaga juu ya kila kitu: mabati, nguo zilizoanikwa, sufuria ya maharage ya mama ntilie wa jirani. Ndani ya banda watu wapatao sitini walimsubiri arudi na sauti yake.

"Mwalimu!" Ambokile, mwenye banda, aligonga bati kwa ndani. "Mjane amesimama mlangoni muda wote huo. Watu wanaanza kuzomea!"

Alifuta mdomo kwa upindo wa khanga, akaingia.

Jina la Mwalimu alilipata kwa jasho lake. Miaka kumi na minane alizunguka vijiji vya Chamwino akifundisha wazee kushika kalamu, wazee ambao Kiswahili chenyewe walikiongea kwa kukiomba radhi. Kisha ikaja amri kwamba kila kitu sasa kijilipie chenyewe. Posho ikakatika, vitabu havikuja tena, na ubao wake, mara ya mwisho alipouona, ulikuwa mlango wa zizi la mbuzi. Akashuka mjini kutafuta kazi, akapewa ufagio na Ambokile.

Ambokile alikuwa kijana kutoka Mbeya aliyezielewa zile nyakati mapema kuliko wenzake. Milango ya biashara ilipofunguliwa alileta mashine za gemu kutoka Dubai, akaziunganisha na televisheni tatu. Watu walilipia dakika za kupigana ngumi na kukimbiza magari. Diski moja tu haikuwa na wa kuicheza, kwa sababu ilijaa maandishi ya Kiingereza. Ndipo siku moja Loisi, ufagio mkononi, akasoma maneno yaliyokuwa kwenye kioo na kuyasema kwa Kiswahili, si kwa mtu yeyote, kwa nafsi yake tu. Kijana aliyeshika padi ya kuchezea akageuka.

"Mama, rudia hapo."

Akarudia. Tangu siku hiyo hakufagia tena.

Kisa cha gemu hilo kilikuwa hiki. Mjane mmoja anarudi kwao na kukuta kisima cha kijiji kimezungushiwa ukuta. Kampuni imekinunua. Nani aliyeuza? Hakuna anayesema. Basi mjane anakwenda mlango kwa mlango akiuliza, na kila mlango una uongo wake. Damu ilikuwemo. Mlinzi alikatwa kwa jembe. Binti mmoja aliharibiwa ghalani na mzee wa kijiji, mbele ya mama yake. Loisi hakuyaficha hayo. Aliyasema kwa maneno machache, bila kuyapamba, kama mtu anayetoa ushahidi, na wanaume walioingia wakicheka walijikuta wanatazama miguu yao. Watu walilipia kukaa na kusikiliza tu. Wachukuzi wa sokoni, wanafunzi wa chuo, makarani waliotoroka ofisini, wote walibanana kwenye mabenchi.

Mwezi huo wa kumi Ambokile alirudi kutoka Dar es Salaam na diski mpya.

"Sehemu ya pili," alisema, akiipuliza vumbi ambalo halikuwepo. "Waliotengeneza ni walewale. Nimekutafutia kazi, Mwalimu."

Aliiwasha banda likiwa bado tupu. Mjane akatokea. Loisi alimtambua kwa shida. Shuka lake jeusi la msiba halikuwepo. Alikuwa amevishwa vipande viwili vya ngozi, mapaja nje, kifua kikitangulia, bunduki begani. Hakuuliza mtu swali. Alipiga risasi, na kila alipopiga picha ilisogea karibu na makalio yake.

"Kisima kiko wapi?" Loisi aliuliza.

"Kisima gani?"

"Alichokuwa anakitafuta."

Ambokile alicheka. "Mama yangu, hawa watu wanauza dunia nzima. Wameangalia soko, wakaona kisima hakiuziki. Sasa wewe utaweka ile sauti yako. Unavutavuta maneno kidogo. Jinsi alivyo, jinsi anavyotembea. Unanielewa."

"Nakuelewa. Mimi nimezaa, Ambokile. Nimefundisha watu wazima. Sioni haya kutaja jambo lolote lililotendeka. Lakini huyu hajatenda kitu. Ametendwa."

"Basi simulia anavyotendwa," Ambokile alisema, na safari hii hakucheka. "Vinginevyo ufagio uko palepale."

Kesho yake banda lilijaa hadi mlangoni. Ambokile mwenyewe alisimama karibu na mashine, mikono kifuani. Mjane akaingia kwenye kioo na ngozi zake mbili, na vijana wakapiga miluzi. Loisi akasubiri. Alijua kusubiri, darasa la watu waliochoka shamba halinyamazishwi kwa kelele.

"Mnamwona?" alisema mwishowe, sauti ikikwaruza. "Ni yuleyule. Alikaribia kumjua aliyeuza kisima. Alibakiza mlango mmoja. Ndipo kampuni ikamchukua. Hawakumuua, maana mfu haulizi lakini pia hauziki. Wakamvua shuka la msiba wa mumewe. Wakamfunga ulimi. Wakampa bunduki ili mmwone ana nguvu, wakawaleta ninyi mtazame mapaja, msiulize habari ya maji."

Miluzi ilikufa. Kwenye kioo mjane aliendelea kufyatua risasi, na hakuna aliyekuwa akimfuata.

"Mlango uliobaki ni wa nani?" mchukuzi mmoja aliuliza.

"Ninyi bomba la mtaani kwenu alipewa nani?" Loisi alijibu. "Mliulizwa?"

Mtu wa nyuma akataja jina. Mwingine akalitaja kwa sauti zaidi. Bomba la mtaa lilikuwa limekabidhiwa mzabuni tangu Pasaka, na tangu Pasaka wanawake walikuwa wakifuata maji ng'ambo ya reli. Sasa banda zima lilikuwa limesimama, wanaume wakinyoosheana vidole, wakiulizana nani alihudhuria kikao cha kulitoa, nani alitia sahihi. Ambokile alichomoa waya ukutani. Kioo kikazimika. Watu hawakukaa.

Siku mbili baadaye alikuja Bwana Geofrey, afisa utamaduni, na migambo wawili. Alimwamkia Loisi shikamoo, kwa adabu kabisa, kisha akaketi kwenye kiti cha Ambokile.

"Mama, tumeletewa malalamiko. Maonyesho yasiyo na maadili, watoto wanachungulia."

"Marahaba. Ni kweli, wanachungulia," alisema Loisi. "Picha zenyewe ni hizo hapo. Ziangalie."

Ambokile aliiwasha mashine. Bwana Geofrey alimtazama mjane kwa muda, tena kwa makini zaidi ya kazi yake.

"Hii ni ya Kiingereza," alisema. "Kiingereza hakina madhara, wananchi hawakielewi. Na mmiliki ana leseni. Tatizo ni Kiswahili. Kusimulia hadharani ni maonyesho, na maonyesho yana kibali chake. Una kibali?"

"Cha kusema?"

"Cha kusimulia."

"Na kuuliza habari ya bomba kuna kibali chake pia?"

Afisa alimtazama machoni kwa mara ya kwanza. Alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokwisha pigwa chapa, jina lake Loisi tayari limo. Mtajwa anakiri kwamba alitamka maneno machafu mbele ya hadhara. Mtajwa anaahidi kutorudia.

"Weka sahihi, mama, kila mtu aende na shughuli zake."

Loisi aliisoma taratibu, herufi kwa herufi, kama alivyowafundisha wengine kusoma kabla ya kutia dole gumba. Akamrudishia.

"Neno chafu ni lipi?"

"Samahani?"

"Nionyeshe neno moja nililolisema likawa chafu. Uliandike hapa kwa mkono wako. Ukiliandika, nitatia sahihi."

Ambokile alikuwa akichezea padi bila kumtazama mtu. Hatimaye Bwana Geofrey alikunja karatasi, akawaashiria migambo kwa kidevu.

Mahabusu mlikuwa na wanawake kumi na mmoja na ndoo moja. Hakuandikiwa shtaka. Usiku wa pili mmoja wao alimuuliza alichofanya, naye akaanza kusimulia kwa kunong'ona, kwa sababu koo lilikuwa halijapona. Na askari wa zamu, aliyekuja kuwanyamazisha, akajikuta ameegemea nondo hadi mwisho. Siku ya nne askari wakamfungulia.

"Nenda," alisema mkubwa wao. "Ukitaka kusimulia, simulia jikoni kwako."

Hakwenda jikoni kwake. Alikwenda bandani moja kwa moja, na vumbi la njiani likimkausha midomo. Foleni ilikuwa imezunguka hadi kwa mama ntilie, na kutoka ndani ilisikika milio ya risasi tu, bila neno. Juu ya ngazi, ukutani, mchoraji wa mabango aitwaye Kefa alikuwa akimalizia bango kubwa kuliko mlango. Lilikuwa la mwanamke mwenye vipande viwili vya ngozi na bunduki. Chini yake maandishi mekundu: WAKUBWA TU. KWA KIBALI.

Sura ilikuwa ya Loisi. Kilemba kilikuwa chake, na mashavu yake, hata nindi, ile alama ya Kigogo katikati ya paji la uso aliyochanjwa na nyanya yake.

Kefa alimwona, akashtuka, kisha akatabasamu kwa aibu.

"Shikamoo, Mwalimu. Bosi alisema watu wanaijua sura yako." Akachovya brashi. "Hebu simama hapo kidogo tu, mama. Macho hayajakaa sawa."

Loisi aliinama kwenye kopo la rangi nyeusi chini ya ngazi, akatumbukiza mikono yote miwili hadi vifundoni, akalipaka bango kutoka shingoni hadi magotini, mara moja, mara mbili, hadi mapaja yote yakazama. Mtu mmoja alipiga makofi, akaacha. Ambokile alitokea mlangoni, akaangalia, akamwashiria mgambo aliyekuwa ng'ambo ya barabara aje.

"Ikikauka itabidi nichore tena, Mwalimu," Kefa alisema polepole. "Nimeshalipwa."

"Chora," alisema Loisi. "Nami nitarudi."

Kefa alishuka ngazi, akaketi kwenye kopo lililogeuzwa, brashi magotini, akisubiri. Kwa jua lile, rangi haikuhitaji muda mrefu.