Kibali cha Insulini

Mkojo wa Kavutha ulikataa katakata kutoka. Wapimaji wa dawa za kusisimua misuli walikuwa wameketi sebuleni kwao mtaani Waithaka tangu asubuhi, na mamake, Mbithe, akiwaapia: "Mtoto wangu hajameza hata Panadol!"

"Mama, nyamaza!" Kavutha alifoka. Yeye ni mkimbiaji wa marathoni mwenye kisukari. Insulini ni homoni iliyopigwa marufuku kwa wanariadha, lakini yeye alipewa kibali wiki jana, na sasa mama anamfanya aonekane mwongo. "Najidunga kila siku. Barua ndiyo hii."

Daktari Vidhi, kiongozi wa wapimaji, aliisoma taratibu. "Iko sawa. Nionyeshe dawa yenyewe niiandike."

Kavutha alifunua chungu cha mchanga uliolowa wanamoihifadhi ipate ubaridi. Hamna kitu. 

Mbithe alikohoa, akageukia ukuta, akachomoa kutoka kwenye sidiria chupa aliyowaficha wapimaji.

"Mama," Daktari Vidhi alisema, "insulini haipendi joto."

Kavutha alicheka hadi machozi, kisha ghafla akanyakua kikombe cha mkojo na kutimka chooni kwa mbio ambazo hajawahi kuzikimbia uwanjani.