Kilichofunga Mlango wa Stoo

Mimi, Faridi, mwanafunzi wa bweni mwenye sifa njema, sitaapa. Madamu Rachelle, anayetufundisha Kifaransa, alitusomea hadithi ya kutisha ya bwana mmoja aliyeanza kwa kuapa kwamba hana wazimu, na kabla kengele haijalia alikuwa ameichoma moto nyumba ya shangazi yake, shangazi akiwa ndani.

"Msimulizi anayeapa kabla hajaulizwa," alisema Madamu, "mtazameni mikono."

Kisha akaandika ubaoni maneno ya woga, nasi tukayatafutia ya kwetu: kihoro, kiwewe, uvundo, jinamizi. Niliyapenda mno. Ubaya wa maneno kama hayo ni kwamba ukishayapata, unayatafutia mahali pa kukaa.

Mahali palikuwepo. Kwenye ufuko wa Rumonge kuna nyumba iliyoingiliwa na ziwa lilipopanda. Mwenyewe alihamia upande wa Kizuka, akaacha kuta za matofali mabichi, mabati, na stoo ya ndagala, dagaa wa ziwani, yenye mlango wa mbao nzito. Ndani maji yalifika magotini. Uvundo ulikuwa wa bure. Jinamizi pia nilimpata: Cikuru, mgeni darasani kwetu, mtoto wa milima ya Kivu Kusini, asiyejua kuogelea na aliyetamani sana kuwa rafiki yetu.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana ningewaleta Aziza na wenzake wa darasani kwetu mbele ya nyumba, niwasimulie kifo cha mwenye nyumba, ambaye yu hai na anauza mawese. Nikikohoa, Cikuru angegonga mlango kwa mchi na kugumia kama maiti.

"Na maji yakipanda?" Cikuru aliniuliza siku hiyo mlangoni, suruali ameikunja.

"Ziwa si sufuria, bwana. Halichemki likamwagika."

"Usinifungie, Faridi."

"Mimi?"

Akaingia. Upepo ukausukuma mlango, ukafunga.

Nilirudi shuleni kuita watazamaji. Getini nikamkuta prefe wa nidhamu, msimamizi wa adabu zetu, ameshika fagio, akanikabidhi ua mzima. Ningeweza kumwambia kwamba kuna mtu ziwani. Nilifagia, kwa adabu kubwa. Mabati ya bweni yakaanza kupigapiga, na chini kule mawimbi yakawa meupe. Hapo nilitupa fagio nikaruka ukuta.

Ufukweni akina mama walikuwa wakikusanya ndagala kutoka mchangani mbio mbio. Katikati ya kishindo cha mawimbi kulikuwa na sauti nyingine. Ko. Ko. Ko. Hakuna aliyegeuza kichwa.

Tonto Asmani, fundi wa nyavu na mjomba wa ufuko mzima, alikuwa akiziba tundu la wavu.

"Tonto, hamusikii?"

"Tunasikia tangu mchana. Ni wale wanaopiga maji ili samaki wakimbilie wavuni. Imekatazwa. Ukisema umesikia, kesho wanakuita shahidi. Basi sisi hatukusikia."

"Si wavuvi! Iko mutu mu ile nyumba!"

Akina mama wakacheka. Mwezi uliopita niliwatangazia mamba, wakakimbia wakaacha wavu wao majini.

"Leo ni nani?" mmoja akauliza. "Mama yake mamba?"

"Bongo tupu, uongo mutupu," akasema mwingine. "Huyu anadanganya hata akilala."

Nikawapa kihoro, nikawapa kiwewe, nikawapa maneno yote ya ubaoni. Wakacheka zaidi. Ko, ikasema nyumba. Kisha ikanyamaza kitambo kirefu kuliko mwanzo. Nikaingia majini na viatu vyangu vya shule.

Tonto Asmani akaviangalia viatu vile vikizama. Akainuka na kisu chake.

Maji yalitufika kiunoni. Kila wimbi lilipopiga ukuta, tofali moja lililainika likaanguka, chubwi.

"Faridi?" sauti ikatoka ndani. "Faridi, ni weye?"

"Mulango umefungwa na nini?" Tonto akaniuliza.

"Upepo."

Akaushika, akauvuta kwa nguvu. Ukuta ukatikisika wote, mchanga ukatumwagikia vichwani. Ndani kitu kizito kikaanguka majini, na Cikuru akapiga yowe.

Tonto akauachia mlango kana kwamba umemuunguza.

"Nikivuta tena, ukuta unamwangukia mutoto wa watu. Nakuuliza mara ya mwisho. Umefungwa na nini?"

Nilikuwa na maneno mengi. Lililobaki likawa moja.

"Waya," nikasema. "Juu, chini ya ukingo wa bati. Niliuzungusha kwenye msumari."

"Kwa nini?"

"Nilitaka aogope kweli."

Akapapasa juu, akaupata, akaufungua kidogo kidogo kwa ncha ya kisu cha nyavu, na mlango ukaja wenyewe. Cikuru alikuwa amekaa juu ya kichanja cha ndagala, mchi ameukumbatia, vidole vinatoka damu. Tukamvuta. Hatujafika mchangani, paa likalala majini nyuma yetu.

"Murakoze, tonto," Cikuru alimshukuru Asmani. Mimi alinipita.

Jumatatu prefe aliamuru niandike yaliyotokea na kuyasoma mbele ya darasa. Ukionekana uongo, nifunge sanduku langu niende nyumbani. Nikasimama, nikasoma kwa sauti nzuri. Cikuru alikuwa dawati la nyuma, mkono umefungwa bandeji. Nikafika pale: "Akaingia. Upepo ukausukuma mlango, ukafunga."

Ko.

Ilitoka dawati la nyuma. Hakuna aliyecheka. Madamu Rachelle hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia. Nikausema waya, nikausema msumari, na jinsi Cikuru alivyokuwa bado akisema usinifungie wakati vidole vyangu vinazungusha. Nikangoja. Kisha nikaendelea, polepole, sikio langu nimeliacha dawati la nyuma.