Programu Yenye Ngao

Diski ya mpiga picha ilianguka kutoka mezani Jumatano asubuhi, na harusi nzima ya dada yake mdogo, picha na video, ilikuwa humo. Kompyuta ikamwomba kwa adabu ruhusa ya kuipanga diski upya. Naye, mtu asiyependa kuuliza, akabonyeza ndiyo. Harusi ikayeyuka. Picha zilitakiwa Jumamosi, na mama mkwe wa bibi harusi alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuulizia hotuba yake tu.

Akakimbilia kwa Mama Diski, fundi ambaye miwani yake ilishinda kichwani zaidi kuliko machoni.

"Usihangaike kuchagua programu ya kurudisha picha, mama," mpiga picha akasema. "Nimeshachagua. Hii yenye ngao inayozunguka. Wanasema inarudisha asilimia tisini na tisa."

"Wanasema nani?"

"Wenyewe."

"Hata mimi nikijisifu napata mia. Umepakua hii tu?"

"Tatu, nilinganishe."

"Ukaziweka wapi?"

"Humo humo kwenye diski. Si ndiyo inayoumwa?"

Mama Diski alishusha miwani. "Mwanangu, picha zako zilikuwa zimelala humo, zimepoteza majina tu. Wewe umeleta wapangaji watatu, wametandika vitanda juu yao."

Mpiga picha akaisukuma diski mbele yake.

Mama Diski akafungua programu yake mwenyewe: dirisha jeusi, maandishi meupe, hakuna kinachozunguka. Kwanza ikanakili diski gonjwa yote kwenye diski nyingine iliyo nzima, ndipo ikaanza kutafuta. Mpiga picha alikunywa vikombe vitatu vya chai bila kugundua kuwa havina sukari.

Saa kumi fundi aligeuka. "Picha zote zipo. Keki ipo, bwana harusi anakanyaga shela, yupo. Video ya hotuba ya mama mkwe haipo. Ngao imeikalia yote."

Hotuba ile ya dakika arobaini ndiyo iliyowaeleza wageni jinsi bibi harusi alivyowahi kuunguza maji. Mpiga picha akampigia bibi harusi, mdogo wake, akajikaza.

"Hotuba imepotea. Diski haina kosa, kosa ni langu."

Mdogo wake akashusha sauti.

"Mama mkwe mwambie hivyo hivyo, kaka. Kwa huzuni. Na hiyo programu iliyoikalia, ni ya bure?"

"Ya majaribio. Siku saba."

"Inunue."