Kitanda Katikati ya Ukumbi

Ukumbi wa Mwalimu ulikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na kila aliyepanda ngazi zile alifika juu na harufu ya tapentaini puani. Ndani hapakuwa na mapambo. Palikuwa na mikeka minene ya kuangukia, ukuta kwa ukuta, rafu ya viatu mlangoni, na dirisha refu lililotazama karakana ya baiskeli ng'ambo ya barabara. Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, si mrefu, wala hana misuli ya kutisha. Ukikutana naye sokoni na kikapu chake ungempisha kwa adabu tu, si kwa woga. Lakini akishafunga mkanda wake mweusi, uliochakaa mpaka pembeni umerudi kuwa mweupe, wapakia mizigo na walinzi wa getini walimwitikia "Naam, Mwalimu" kama watoto wa chekechea.

Alifundisha jujitsu, sanaa ya kumshinda mwenye nguvu bila kushindana naye kwa nguvu. Aliifundisha vile vile alivyoipokea kwa mwalimu wake, mzee mchomelea vyuma, na kwa hilo alijivuna waziwazi. Mbinu aliyoipenda kuliko zote iliitwa Mlango: mtu anakukaba kifuani, wewe unamgeuzia kwenye nyonga yako kama mlango kwenye bawaba, naye anakwenda chini. Katika Mlango kulikuwa na jambo ambalo hakumsamehe mtu. Kisigino cha nyuma lazima kiburuzwe sakafuni, kisinyanyuke hata kidogo. Mwanafunzi akiuliza kwa nini, jibu lilikuwa lile lile.

"Ndivyo ilivyoshuka kwa waliotutangulia. Buruza."

Mume wake alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyeshona makoti ya mazoezi, yenye kola nene zisizokubali kuchanika. "Mke wangu anararua, mimi nashona," aliwaambia wateja. "Hatuwezi kufilisika." Binti yao wa pekee alikulia kwenye mikeka ile na kufunga mkanda mweusi akiwa bado mwanafunzi wa uuguzi. Nyumbani alimwita mama yake Mama, na ukumbini alimwita Mwalimu. Hakuwahi kuchanganya.

Alasiri moja binti huyo alirudi kutoka zamu hospitalini akiwa amejitanda kitenge kichwani, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Mama yake alikivuta. Upande mmoja wa kichwa nywele zilikuwa zimeng'olewa, na kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba.

"Nani kakufanya hivi?"

"Mgonjwa, Mama. Bibi wa watu, homa imempanda kichwani. Alidhani nimekuja kumwibia mwanawe. Akanidaka nywele na aproni, akanibana kati ya kitanda na ukuta. Wenzangu ndio walionitoa."

Mwalimu alikunja uso. "Na Mlango? Ulisahau?"

"Sikusahau."

"Basi hukuingiza nyonga."

"Niiingize wapi, Mama? Nyuma yangu ukuta, mbele kitanda, chini dripu imemwagika. Halafu tuseme ingeingia. Nimtupe bibi wa watu sakafuni, nimvunje mfupa, ndiyo niseme nimeshinda?"

Fundi cherehani aliinua macho kutoka kwenye mashine, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Alimjua mkewe. Maneno kama hayo kuhusu Mlango yalikuwa sawa na kumwambia mtu mama yake hajui kupika.

"Njoo chumbani," Mwalimu alisema. "Nifanyie alivyokufanyia."

Chumbani kwao kitanda kilikaribiana na kabati kiasi kwamba mtu alipita ubavu ubavu. Binti alimsukuma mama yake kwenye upenyo ule, akamshika nywele kwa mkono mmoja na gauni kwa mkono mwingine, akavuta kwa nguvu za mtu asiyejua anachofanya. Mwalimu akazungusha nyonga, ikagonga kabati. Akajaribu kurudi nyuma, kisogo kikagonga ukuta. Akashika kiwiko cha binti yake avunje mshiko, kisha akakumbuka kwamba mkono ule ni wa bibi mgonjwa, akauachia. Mume wake, aliyesimama mlangoni, alianza kwa kucheka. Alipoona jasho limemtoka mkewe, akaacha.

"Niache," Mwalimu alisema.

Binti alimwachia. Mama yake alikaa kitandani akahema, akaurekebisha upande wa nywele uliovurugika.

"Nimekufundisha maisha yako yote," alisema polepole, "na siku ulipokihitaji nilichokufundisha, hakikutosha. Hilo silali nalo."

Binti alitaka kumtuliza, lakini mama yake alikuwa amekwisha simama kutafuta viatu.

Upande wa pili wa mji kulikuwa na vijana waliocheza jujitsu ya kisasa, ile ya kugaagaa chini, watu wamekumbatiana kama nguo kwenye beseni. Kwa miaka Mwalimu alikuwa akiwaita mafundi wa kufagia. Safari hii alifika mlangoni kwao, akavua mkanda wake mweusi, akaukunja ndani ya mkoba, akaomba mweupe, wa mwanafunzi wa kwanza kabisa. Msichana mwenye umri wa binti yake alimketia kifuani, akamkaba kwa kola iliyoshonwa na mumewe mwenyewe, mpaka akagonga mkeka kuomba aachiwe.

"Samahani, shangazi," msichana alisema.

"Samahani ya nini? Rudia. Mkono wako wa kushoto sikuuona ulipita wapi."

Alirudi nyumbani masikio yamemwiva, anacheka peke yake njiani. Akaenda tena, na tena. Aliona kwamba vijana wale walikuwa wamefika mahali ambapo yeye hakuwahi kutazama: namna ya kumtuliza mtu kwa uzito bila kumpiga, namna ya kukaa mahali pabaya bila kuhaha, ukisubiri upenyo. Lakini hata wao walihitaji uwanja mpana, na aliyekabwa alitakiwa aumie kidogo ndipo akubali. Yeye alitaka kitu kingine. Alitaka mbinu ya mahali pasipo na nafasi, dhidi ya mtu asiyestahili kuumizwa.

Hospitali ilikuwa imetupa vitanda vibovu nyuma ya jengo la kufulia. Binti aliomba kimoja, akapewa. Aliyekibeba mpaka ghorofani alikuwa Bonge, mpakia mizigo, mwanafunzi mkubwa kama kabati na mpole kama mto wa kulalia. Walikiweka katikati ya ukumbi, wakasimamisha ubao kando yake uwe ukuta.

"Bonge, wewe ndiye mgonjwa," Mwalimu alisema.

"Naumwa nini, Mwalimu?"

"Huelewi ulipo. Kila anayekukaribia ni mwizi."

Bonge aliigiza vizuri kupita kiasi. Wiki za kwanza aliutupa ubao, akamkanyaga Mwalimu kidole cha mguu, na mara moja alianguka na kitanda chote, mpaka mwenye duka la rangi akapanda kuuliza kama jengo liko salama. Binti alisahihisha kila kitu kwa macho ya wodini. "Hapo umembana kifua, Mama, huyo ana pumu." "Hapo shingo imepinda." "Mkono huo una sindano ya dripu, usiuguse." Mama hakukasirika. Walianza upya. Wakagundua kwamba mkono wa mgonjwa ulioshika nywele hauna haja ya kung'olewa. Unaubana kichwani mwako kwa viganja vyako ili nywele zisivutwe tena, unashusha makalio, unajisogeza ndani kwake badala ya kukimbia, mnaketi pamoja ukingoni mwa kitanda, na mnalala ubavu kama mama na mtoto. Mgonjwa anajikuta amelala, kichwa chake kimetulia juu ya mkono wako, na hapana kilichovunjika. Mbinu hiyo wakaiita Mto.

Wauguzi walianza kuja baada ya zamu, kisha wakunga, kisha walinzi wa hospitali. Ngazi zile hazikuwahi kuona viatu vyeupe vingi namna ile. Lakini baadhi ya wanafunzi wa zamani walinuna. Mmoja alisema hadharani kwamba ukumbi umegeuka wodi, akachukua viatu vyake asirudi. Maneno yakamfikia mzee mchomelea vyuma, naye akatuma salamu fupi: atakuja siku ya mtihani wa mikanda.

Siku hiyo Mwalimu alifagia mikeka mwenyewe tangu asubuhi. Mumewe alimpigia pasi koti lake mara mbili, bila kuombwa.

"Tukitoe kitanda?" Bonge alinong'ona.

Mwalimu alitikisa kichwa. "Kiache. Nikikificha nitakuwa nakionea aibu, na sikionei."

Mzee aliingia akiegemea bega la fundi cherehani, akainama kuusalimu ukumbi, akaketi kwenye kiti alichowekewa. Alikuwa amekonda, lakini viganja vyake bado vilikuwa vya mtu wa chuma. Aliutazama mtihani wa wanafunzi wote wa zamani. Ilipofika zamu ya wauguzi, alinyoosha kidole.

"Hicho ni nini?"

"Kitanda, Mwalimu wangu."

"Nakiona ni kitanda. Kinafanya nini hapa?"

Mwalimu alimweleza yote, tangu nywele za binti yake zilizong'olewa mpaka mkanda mweupe aliouvaa kwa vijana. Hakuficha kitu wala hakuomba radhi. Kutoka ng'ambo ya barabara ilisikika nyundo moja tu ikigonga rimu ya baiskeli.

Mzee alivua makoti yake mawili, la nje na la ndani, akapanda mkekani, akalala kitandani. Alimwita binti kwa kidole.

"Mimi mgonjwa. Nimechanganyikiwa. Na nisikie unanidekeza, nitakufukuza humu."

Binti alisogea, mzee akamdaka nywele. Kumbe mzaha hakuwa nao. Alimvuta kwa mikono iliyoshika koleo maisha mazima, uso wa binti ukaelekea kwenye chuma cha kitanda. Fundi cherehani alifumba macho. Mwalimu hakufumba. Aliona viganja vya mwanawe vikiubana mkono wa mzee, makalio yakishuka, mwili ukiingia ndani badala ya kukimbia. Mzee akabadilisha mshiko, jambo ambalo Bonge hakuwahi kulifanya, naye binti akamfuata huko huko bila haraka. Wakaketi. Wakalala. Mzee akajikuta ubavu ubavu, kichwa kimetua juu ya mkono wa binti, kama aliyelazwa na mama yake.

Alijaribu kujinasua, akashindwa. Alijaribu tena, akashindwa tena. Kisha akatulia akitazama dari.

"Sijaumia," alisema, kama anayelalamika.

"Ndiyo, babu," binti alijibu. "Ndilo lengo. Tena wewe una bahati. Kama wewe ndiye ungekuwa muuguzi na mimi mgonjwa, ningeshika nywele gani?"

Mzee alikuwa na upara unaong'aa. Aliangua kicheko kilichomtikisa yeye na kitanda, na ukumbi mzima ukacheka pamoja naye. Alipoketi, alimgeukia mwanafunzi wake wa zamani.

"Kwenye Mlango, bado unawafundisha kuburuza kisigino?"

"Kila siku. Sijagusa kitu."

"Unajua kwa nini kinaburuzwa?"

"Ndivyo ilivyoshuka kwa waliotutangulia."

"Waliotutangulia gani? Mlango ni wangu. Niliutunga kiwandani, mtu aliponivamia kwenye sakafu yenye mafuta. Ukinyanyua mguu pale unaanguka wewe kwanza. Mwalimu wangu alipouona hakusema nami siku nyingi, kisha siku moja nikamkuta anawafundisha wanafunzi wake." Alicheka tena. "Wewe hukuniuliza, nami nilipendezwa kuona unavyouheshimu."

Kile alichokilinda kama urithi wa kale kilikuwa kimezaliwa kwenye sakafu ya kiwanda, kwa mtu aliyebanwa kama binti yake alivyobanwa. Machozi yalimlenga, akacheka.

"Leo nimepata jibu la kuwapa wanafunzi wangu wote," alisema.

"Uwape na hili," mzee alisema, akiuelekeza mkono kwenye kitanda. "Hii ndiyo jujitsu. Nami nitakwenda nayo nyumbani. Mke wangu akiota ndoto mbaya ananipiga mateke."

Miezi ilipita. Wodini kwa binti, mgonjwa mmoja mwanamume, mkubwa kuliko Bonge, alimdaka muuguzi aliyekuwa akipita na trei ya dawa. Muuguzi huyo, mwanamke mwembamba aliyekaribia kustaafu, alimlaza ubavu na kumshikilia huku akimwimbia polepole mpaka akasinzia. Mgonjwa alipozinduka aliomba maji na hakukumbuka lolote. Siku iliyofuata muuguzi yule alipanda ngazi za ukumbi, akamkumbatia Mwalimu mbele ya darasa zima.

Sasa madarasa ya wauguzi yanafundishwa na binti. Mama yake huvaa koti lake, akasimama mstari wa nyuma pamoja na wanafunzi, na binti akisema "Tuanze", naye huitikia "Naam, Mwalimu" kwa sauti kuliko wote. Juzi binti alisimamisha darasa akaonyesha Mto kwa namna tofauti, goti likitangulia, kwa ajili ya mgonjwa aliye kwenye kiti cha magurudumu. Hakuwa amemwambia mtu. Mwanafunzi mmoja mpya alimgeukia mama aliye kando yake.

"Mbona wewe jana uliponielekeza pembeni ulinionyesha vingine?"

"Ya jana ilikuwa yangu," Mwalimu alimjibu, kifua mbele. "Hii ni ya mwanangu. Tazama vizuri."