Kitanda Kilichovuliwa Shuka

Meli ilipofunga gatini asubuhi ile, binti yangu alikuwa ameshavaa viatu. Si ndala za matembezi, ni vile vya kazi, vya ngozi, kamba zimefungwa mara mbili.

"Tunakwenda kuona mji au kulima?" nikamwuliza. Akacheka kwa mdomo tu.

Yeye ni msafisha vyumba katika meli ile ya watalii. Mwaka huu walimruhusu kumchukua mzazi mmoja, nami nikalala kwenye kitanda cha mwenzake aliyekuwa likizoni, huko chini kabisa, chumba kisicho na dirisha. Siku hiyo alipewa ruhusa ya kushuka nami, turudi kabla ngazi haijavutwa.

Mji ule mkongwe ni vichochoro vya mawe. Kuta zimekaribiana hata ukinyoosha mikono unagusa nyumba za watu wawili. Watalii walisimama kila kona kupiga picha. Binti yangu hakusimama. Alinitangulia, akachungulia vichochoro vya pembeni, akarudi, akanishika kiwiko.

"Mama, twende basi."

"Haraka ya nini? Kuta hizi zimesimama tangu enzi za mababu, zitashindwa kunisubiri nipite?"

Jua lilikuwa kali, naye amevaa magauni mawili. Pindo la lile la bluu lilikuwa likichungulia chini ya lile jeusi. Nililiona tangu ngazini.

Tukafika kwenye kanisa la zamani. Mwanamke wa mlangoni akanizuia. "Tiketi, mama."

"Sikuja kutazama. Nimekuja kusali."

Akanipima kwa macho, akasogea. "Haya, pita. Ila usipige picha."

"Nimpige nani, Mungu?"

Nilipiga magoti na rozari yangu, lakini moyo haukutulia. Kila nilipoanza Baba Yetu, niliona kitanda. Asubuhi, wakati nachana nywele, binti yangu alivua shuka zake, akazisokomeza ndani ya foronya, akaliacha furushi karibu na mlango. Godoro likabaki tupu. Na ni yeye mwenyewe aliyenieleza kazi yao: mgeni anayerudi hutandikiwa tu, anayeondoka moja kwa moja, shuka zake huvuliwa na kufungwa vile. Mikono yake ilifanya ilivyozoea bila kumwuliza.

Nikatoka nje alikoningoja. "Umevua shuka," nikamwambia.

"Shuka gani?"

"Za kitanda chako. Na hayo magauni mawili, unasikia baridi?"

Akaketi kwenye ngazi za kanisa, akanieleza yote. Rafiki yake aliyeacha meli mwaka jana anafanya kazi kwa dobi nyuma ya soko. Angempa pa kulala. Alikusudia kunifikisha melini, kisha ageuke.

"Na paspoti?"

"Iko ofisini kwao, melini."

"Kwa hiyo utaishi huku kama panya darini."

"Mama, Baba alizikwa mimi nikikunja taulo! Niliwaomba, wakasema meli haigeuki. Siwezi kushuka tena kwenye kile chumba. Siwezi."

 Msiba ule niliuona wangu tu. Kumbe naye alikuwa akiubeba huko chini, peke yake.

"Sikukatazi," nikasema. "Wewe ni mtu mzima. Lakini usinisindikize kama mgonjwa, halafu unikimbie. Kama unabaki, baki hapa hapa. Njia naijua."

Nikaondoka bila kugeuka. Nikapita duka la vikapu, nikapita kisima, nikakata kona. Kuta zote zikawa moja. Nikajaribu kusali, hesabu ya punje za rozari ikanipotea vidoleni. Honi ya meli ikalia, nisijue inalia upande gani. Ndipo nikasikia viatu vizito vikikimbia nyuma yangu.

"Mama! Kushoto! Huko ni jikoni kwa watu!"

"Nilikuwa nasalimia."

"Njia unaijua, eeh?"

Hakucheka, wala mimi. Akanishika mkono, tukakimbia. Ngazi tuliiwahi kwa kudra za Mungu.

Chumbani furushi lilikuwa pale pale. Nikalifungua, nikamtandikia, nikachomeka pembe kama alivyonionyesha.

"Mkataba ukiisha," nikasema, "chukua paspoti yako mkononi, ushuke mchana, watu wakikuona. Nitakuwa gatini kukupokea. Twende pamoja kaburini kwa baba yako."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, macho mlangoni, viatu bado miguuni. Chini yetu mitambo ikaanza kutetemeka. Sikumwambia avivue.